Hilje na Mkondo wa Kusini

Sisi watu wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, si wepesi wa kusifu. Mtu akifanya jambo kubwa kabisa tunasema "si mbaya," kisha tunageuza uso kutazama mvua. Kwa hiyo msinielewe vibaya nikisema Hilje Wiertsema alikuwa mwanamke si mbaya. Nilimjua, na yaliyompata yananiuma hadi leo.

Alizaliwa kijijini Oosterwierum, baba yake kibarua wa kiwanda cha viazisukari. Hesabu zilimkubali tangu utotoni, hata mwalimu mkuu akafunga safari mwenyewe hadi nyumbani kwao, akavua kofia, akaomba binti apelekwe chuo kikuu. Mama mtu akammiminia kahawa, akampa biskuti moja, akalifunika kopo kama desturi yetu. "Chuo kikuu ni kwa watoto wa daktari na wa mchungaji," akasema. "Huyu atasomea ualimu, yatosha." Ikatosha, au walidhani imetosha. Hilje akawa mwalimu wa fizikia wa sekondari, akaolewa na Roelf, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu mrefu mwenye masihara, wakapata mtoto mmoja wa kike, Geeske.

Miaka ikapita. Alipokaribia arobaini, chuo kikuu cha mjini kilifungua milango siku moja kwa watu wa kawaida, naye akaenda na baiskeli yake kumsikiliza Profesa Sijbolts. Profesa alieleza kwamba nyota zilizo pembezoni mwa galaksi zinakimbia mno. Kwa uzito tunaouona kwa macho, zingekuwa zimechomoka na kutawanyika zamani. Hazichomoki. Kwa nini? Wanazuoni wengi, karibu wote, wanasema ipo maada ya giza, kitu kizito kisichong'aa wala kugusika, kimejaa huko na ndicho kinachozishikilia. Sijbolts hakuwa katika wengi. Yeye na wenzake wachache, ambao walikuwa wakichekwa mikutanoni, walisema hakuna kilichofichika. Kanuni yetu ya mvutano ndiyo haifiki mbali, walisema. Pale mvutano unapokuwa hafifu kupita kiasi, huvuta kwa namna nyingine ambayo bado haijaandikwa vizuri.

Hilje alirudi nyumbani mashavu yamemwiva.

"Roelf, hebu fikiria! Watu wameona hesabu haitoki, wakaongeza kitu kisichoonekana ili itoke. Mwanafunzi wangu akinifanyia hivyo nampa sifuri."

"Basi nenda kawape sifuri," Roelf akamjibu, mikono imo ndani ya ndoo.

Akaenda kweli. Alijiandikisha uzamivu kama mtahiniwa wa nje, yaani mtu anayefanya utafiti kwa wakati wake mwenyewe, jioni na Jumamosi, bila mshahara wala ofisi, na Sijbolts akawa msimamizi wake. Ilimchukua karibu miaka ishirini. Kijijini wakampata wa kumtania.

"Moi, Hilje!" Kornelis wa buchani alikuwa akimwamkia kwa salamu yetu kila akiingia. "Umeshakipata?"

"Kipi?"

"Hicho kitu cha giza."

"Mimi nasema hakipo, Kornelis."

"Kama hakipo, miaka yote hii unatafuta nini? Mke wangu akinituma nikatafute kitu ambacho hakipo, narudi baada ya dakika tano."

Buchani wote walikufa kwa kicheko, na Hilje mwenyewe alicheka. Roelf ndiye aliyekuwa hacheki sana akisikia hayo. "Mnacheka," aliwaambia mara moja, "lakini siku moja mtasema mlikuwa mkimuuzia soseji." Alikuwa akijivunia mke wake waziwazi, jambo ambalo kwetu ni karibu aibu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuhesabu. Gesi ya hidrojeni iliyomo ndani ya galaksi hutoa wimbi la redio ambalo urefu wake unajulikana. Galaksi ikienda mbali nasi, wimbi hutufikia likiwa limevutika, na ukijua limevutika kwa kiasi gani, unajua kasi. Galaksi za anga la kaskazini Hilje alizipima kwa masahani makubwa ya kunasia mawimbi ya redio, kule mkoa jirani wa Drenthe. Za kusini alizipata kwenye kanda za kompyuta zilizotumwa kutoka upande wa pili wa dunia, zikiwa zimeshakokotolewa kasi. Akaziunganisha, akaondoa ule upanuko wa ulimwengu mzima, akatazama kilichobaki. Ndipo akauona mkondo. Galaksi zote za kaskazini na za kusini zilikuwa zikipeperuka pamoja kuelekea kusini, na kadiri zilivyokuwa mbali ndivyo zilivyokwenda kasi zaidi. Huko kusini hapakuwa na mrundikano wa galaksi wa kuweza kuzivuta hivyo, hata ukimwaga maada ya giza yote ya vitabuni. Kwa kanuni ya akina Sijbolts, ambayo mvutano wake hafifu una mkono mrefu, hesabu ilikaa sawasawa.

Sijbolts alipouona mchoro alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Si mbaya," akasema. Hilje alilia kwa furaha njia nzima hadi nyumbani.

Lakini furaha ile ilimfika katika majira ya baridi mabaya kuliko yote. Roelf alikuwa na saratani ya kongosho, na daktari alikwisha kuwaambia wasingoje kiangazi. Geeske aliomba likizo kazini kwake katika mji wa Assen, akarudi kumuuguza baba yake. Alimwogesha, alimlisha supu ya njegere kijiko kwa kijiko, alimgeuza kitandani. Hilje alifundisha siku za wiki, na Jumamosi alikwenda mjini kwenye kompyuta za chuo, maana fungu la mwisho la kanda za kusini, lile la galaksi za mbali kabisa, lilikuwa limewasili. Ukweli lazima usemwe: Roelf mwenyewe ndiye aliyemtuma.

"Nenda, nenda," alisema. "Ukikaa hapa utanitazama tu. Mimi si runinga."

Basi akaenda, na alikwenda kwa kupenda. Kule chini ya jengo, kwenye mashine zinazovuma, hapakuwa na harufu ya dawa. Kuna watu kijijini wanaomlaumu kwa hilo. Mimi nasema wanaolaumu hawajawahi kukaa chumba kimoja na kifo kwa miezi.

Jumamosi moja ya Februari Roelf alizidiwa ghafla. Geeske akapiga simu chuoni, ikalia juu ofisini kwa Sijbolts, na ofisini hapakuwa na mtu. Akapiga tena na tena. Roelf akauliza, "Mama yako yuko wapi?" Geeske akamwambia yuko njiani. Baada ya muda akauliza tena, kisha akakata kauli. Hilje alirudi alasiri, mfuko wa mkate mkononi, akamkuta binti yake amesimama mlangoni bila koti kwenye baridi ile. Akajua kabla hajaambiwa.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, mama na mwana walikuwa wakiosha vikombe. Geeske hakuwa mtu wa makelele. Alisema huku amempa mgongo, "Natumaini hicho kitu chako ni cha kweli, mama. Kikiwa cha kweli, angalau nitajua ulikuwa wapi."

Tangu siku ile tasnifu haikuwa tena habari ya galaksi. Mkondo ukiwa wa kweli, Hilje alikuwa na udhuru mbele ya mwanawe na mbele ya nafsi yake. Usipokuwa wa kweli, alikuwa amemwacha mumewe afe akimuulizia, kwa ajili ya hewa tupu. Alifanya kazi miaka miwili mingine kama mtu anayejenga boma mafuriko yakija. Sura ya mkondo, ya tano, aliiandika mara nyingi kuliko zote. Kamati ya wasomaji ikaipitisha tasnifu nzima, ikachapishwa kitabu, siku ya kutetea ikapangwa, Alhamisi moja ya Oktoba.

Kwetu mtahiniwa hasimami peke yake. Husimama na wapambe wawili, kama bibi harusi. Hilje alimwomba Derk, mdogo wake Roelf, kapera aliyechukua zizi la kaka yake. Wa pili alimwomba Geeske kwa simu, kwa hofu, maana walikuwa wakizungumza habari za hali ya hewa tu. Geeske akasema atakuja. Wiki moja baadaye akapiga mwenyewe.

"Mama, nimesoma ile sura ya tano."

"Yote?"

"Yote. Sikuelewa nusu yake. Lakini nimeuona mchoro, zile alama zote zinaelekea upande mmoja. Ni mzuri." Akakohoa kidogo. "Ningependa baba angeuona."

Hilje aliiweka simu, akakaa kwenye ngazi, akalia hadi mbwa akaja kumtazama. Tangu Februari ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mwanawe kumsemesha kama mama.

Sasa sikilizeni jinsi lilivyomfika. Kabla ya mahojiano, mtahiniwa huzungumza na wageni wake dakika chache kwa lugha nyepesi, ili shangazi na majirani wasisinzie bure. Jumapili alasiri, siku chache kabla ya Alhamisi yenyewe, Hilje alimkalisha Derk jikoni ili aijaribishe hotuba hiyo kwake.

"Shemeji, ukinipoteza mapema usinilaumu," Derk akasema. "Mimi ng'ombe ndio wananielewa."

"Kula keki, usikilize."

Akamchorea kwenye karatasi. Wimbi limeondoka kwenye galaksi hivi. Limetufikia hivi, limevutika. "Sasa, Derk, unachukua tofauti ya haya mawili, unaigawa kwa..."

Kalamu yake ikasimama. Derk akadhani anangojwa aitikie. "Endelea tu, nipo," akasema, kinywa kimejaa keki. Hilje hakuendelea. Aliikazia macho ile alama ya kugawa.

Zipo desturi mbili za kugawa, na kila mtu wa fani hiyo anazijua, ndiyo maana hakuna anayezitaja. Wapo wanaogawa kwa urefu wa wimbi lililoondoka, wapo wanaogawa kwa lile lililofika. Kwa galaksi za karibu, majibu ni yaleyale. Kwa zile za mbali hutofautiana, na kadiri zilivyo mbali ndivyo tofauti inavyokua. Masahani ya Drenthe yalifuata desturi moja, watu wa kusini walifuata nyingine, na waliandika hivyo wazi, hawakumficha mtu. Mafungu ya mwanzo Hilje aliyabadilisha yote yawe ya desturi moja. Fungu la mwisho, lile la mbali kabisa, aliliingiza majira ya baridi yale, zile Jumamosi za Roelf, kichwa chake kikiwa nusu huko nusu kitandani kwa mumewe. Hakulibadilisha. Alikuwa amepima unga wa huyu kwa kibaba kidogo na wa yule kwa kibaba kikubwa, halafu akatangaza kwamba huyu ana njaa na yule ameshiba.

"Shemeji? Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Hakuna kitu. Kula keki."

"Nimeshaimaliza."

"Basi chukua nyingine," Hilje akasema, na Derk akaogopa, kwa maana alikuwa hajawahi kupewa kipande cha pili katika nyumba ile tangu azaliwe.

Jumatatu alimwomba mwalimu mwenzake ashike vipindi vyake, akaenda mjini, akahesabu upya. Haikumchukua hata asubuhi nzima. Alipozipima zote kwa kibaba kimoja, zile alama zilizokuwa zikielekea kusini zikageuka kila moja upande wake, kama watu wanaotoka sokoni. Mkondo haukuwepo. Haukuwahi kuwepo. Akarudia, na jibu likawa lilelile.

Akapanda kwa Sijbolts. Mzee alitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akainuka akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Kamati imeshapitisha, Hilje. Wamesoma wote, hakuna aliyeona. Hata mimi sikuona, na nilipaswa kuona." Akakaa. "Tetea Alhamisi. Mwakani tutachapisha sahihisho, nusu ukurasa. Kuteleza si kuanguka."

"Na wageni nitakaowasimulia mkondo?"

"Wageni wanakuja kula jibini." Kisha sauti ikambadilika. "Nimechekwa miaka thelathini. Kanuni yetu haifi kwa sababu ya kosa lako, inaweza kabisa kuwa ya kweli bila mkondo huo. Lakini mkondo ndio uliowafanya waache kucheka. Nastaafu mwezi ujao. Nipe Alhamisi moja tu."

Msimwone Sijbolts mtu mbaya. Alikuwa mzee aliyechoka, na alimwomba jambo ambalo mimi nisingeweza kumnyima. Hilje alikusanya karatasi zake, akaondoka bila kumwahidi. Lakini akiwa ndani ya treni ya kurudi alikata shauri kwamba atanyamaza, na hakuwa akimfikiria Sijbolts. Alimfikiria Geeske. "Ni mzuri," mtoto alisema. Angelipaje neno lile kwa kumwambia kwamba ni takataka?

Alhamisi ikawadia. Derk alikuja amevaa suti ya mkia ya kuazima, tumbo limembana. "Nafanana na pengwini aliyekula vizuri," alimnong'oneza Geeske, na Geeske akacheka, naye alikuwa amevaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile. Alimrekebishia mama yake kola, mkono wake ukakawia kidogo begani. Jamani, mkono ule! Hilje aliniambia baadaye kwamba angetoa chochote ubaki pale.

Kijiji kizima kilikuwa kimejaa ukumbini, hadi Kornelis wa buchani na tai yake. Hilje aliwasimulia wageni habari za nyota zinazokimbia. Mkondo aliutaja kwa maneno mawili tu, akaupita. Kisha maprofesa wakaingia kwa majoho yao meusi, wakaketi, mahojiano yakaanza. Desturi ni kwamba mtahiniwa huhojiwa kwa robo tatu ya saa, haizidi. Muda ukitimia, mshika fimbo wa chuo huingia, huigonga fimbo yake sakafuni, hutamka kwa Kilatini kwamba saa imefika, na hapo hakuna tena swali wala jibu. Nimewaona watahiniwa wakiitazama ile milango kama mateka.

Wahoji walimuuliza mambo ya sura za kwanza, akajibu vizuri. Wa mwisho alikuwa Profesa Kranenborg, aliyetoka chuo kikuu cha Leiden, jitu la mtu lenye sauti ya upole, ambaye alifundisha habari za maada ya giza tangu ujana wake.

"Bi Wiertsema," akasema, "kanuni yenu mimi siiamini hata chembe. Sijbolts analijua hilo, tumeshagombana vya kutosha." Watu wakacheka. "Lakini mkondo wako umeniondolea raha. Kama upo, basi mimi nimewafundisha watu uongo maisha yangu yote, na itanibidi niwaambie. Kwa hiyo nakuuliza si kwa kukutega. Una hakika nao?"

Hilje alimtazama yule mzee, akaona kwamba anauliza kwa dhati, na kwamba kesho yake ataingia darasani na jibu lolote atakalopewa.

"Mheshimiwa mhoji," akaanza, "mkondo huu..."

Milango ikafunguka. Mshika fimbo akaingia kwa mwendo wake wa maringo, njuga za fimbo zikilia, akagonga sakafu. "Hora est!"

Ameokoka! Sijbolts alifumba macho kama mtu aliyetua mzigo. Mwenyekiti akainama kidogo, akasema yale ambayo hutakiwa kusemwa: mtahiniwa akipenda aimalizie sentensi yake, akipenda aiachie hapo. Kila mtu huiachia hapo. Hilje alisikia gauni la Geeske likichakarika nyuma yake. Alijua angenyamaza tu, angetoka mle na cheti na mtoto.

"Mkondo huu haupo," akasema, "kwa sababu kusini na kaskazini nilizipima kwa vipimo viwili tofauti, na kosa ni langu peke yangu."

Ilikuwa sentensi moja, kama desturi inavyotaka. Maprofesa wakatazamana, wakainuka, wakatoka kwa foleni kwenda kushauriana. Wageni hawakujua wapige makofi au wafanye nini.

"Shemeji," Derk akanong'ona, jasho linamtoka, "hapo umepita au umejitia kitanzi?"

"Sijui, Derk."

Geeske alikuwa akitazama mbele, uso umemkauka.

Walikawia sana kurudi. Waliporudi, mwenyekiti alisema kwamba kamati inamtunuku shahada kwa sura nne za kwanza, na kwamba sura ya tano itaondolewa. Akaongeza kwamba sentensi ile ya mwisho ilizingatiwa pia. Sijbolts alisimama kusoma hotuba ya sifa ambayo kwa desturi msimamizi humwandikia mwanafunzi wake. Sehemu kubwa ilikuwa ya mkondo. Alisoma mwanzo, akageuza kurasa, akageuza tena, akasoma salamu za mwisho, akakaa. Kranenborg aliinamisha kichwa kumpa Hilje heshima. Watu wakapiga makofi.

Wageni walipoanza kuelekea kwenye tafrija, Hilje aligeuka, akaona mpambe wake mmoja hayupo. Akashuka ngazi haraka haraka na joho lake, akamkuta Geeske kwenye chumba cha makoti, ameshavaa koti juu ya lile gauni.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumapili."

"Na ukaniacha nisimame pale nimepambwa."

"Nilikusudia kunyamaza. Kwa ajili yako, Geeske. Naapa."

"Si unaona?" Geeske alikuwa akilia sasa, na hakujifuta. "Ungenyamaza, ningekusamehe. Nilikuwa nimeshaanza. Nilijiambia, basi, mama hakuwepo kwa sababu alikuwa amekamata kitu kikubwa, kitu cha dunia nzima, na baba alilijua hilo. Sasa hicho kitu hakipo. Nikusamehe kwa sababu gani, mama? Nipe basi sababu nyingine, hata ndogo."

Hilje alitafuta. Mungu anajua alitafuta. Angeweza kusema kwamba Roelf ndiye aliyemtuma; angeweza kusema kwamba kama angenyamaza, ambaye Geeske angemsamehe ni mtu mwongo, si mama yake. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofika midomoni.

"Sina," akasema. "Nilipaswa kuwa nyumbani."

Geeske alitikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu aliyesubiri neno hilo kwa miaka na sasa halimfai kitu. Akafunga vifungo vya koti. "Treni ya Assen inaondoka," akasema, akatoka kwenye mvua.

Kwetu aliyetunukiwa ni lazima asimame apokee mikono ya wageni wote, hadi wa mwisho, mpambe mmoja huku na mwingine huku. Hilje akapanda ngazi. Foleni ilikuwa imeshajipanga, imepita meza za jibini hadi mlangoni. Derk alikuwa amesimama mahali pake, akaangalia nyuma ya Hilje, kisha akamwangalia yeye.

"Geeske yuko wapi?"

"Amewahi treni."

Derk akasogea, akajaribu kusimama katikati, ili lile pengo lisionekane sana. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Kornelis wa buchani. Safari hii hakuwa na mzaha. Alimshika Hilje mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia hongera, daktari, na Hilje akamjibu asante, akaunyoosha mkono kwa aliyefuata.